Mzigo wa Mwenzio: Wapagazi Walioiachia Kariakoo Jina

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi, na kanda lake hata mtoto hujitwika akaenda nalo mbio. Aliyeitunga methali hii alikuwa amekwisha kuwatazama sana binadamu, akaona kwamba uzito wa mzigo ulio begani mwa mtu mwingine hauonekani. Anayetazama hupita na njia yake. Anayebeba hubaki na uzito wake peke yake. Kama kuna mtaa katika Afrika Mashariki ambao methali hii ingestahili kuandikwa langoni mwake, mtaa huo ni Kariakoo ya Dar es Salaam, kwani jina lake lenyewe ni jina la watu waliobeba.

Kila siku jina hilo hutamkwa na maelfu ya watu. Hulitamka makondakta wa daladala, wauzaji wa vitenge wa Mtaa wa Kongo, na wafanyabiashara wanaotoka Kongo, Zambia na Ngazija kuja kununua bidhaa kwa jumla. Wachache miongoni mwao hukumbuka asili yake. Ni maneno mawili ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wachukuzi, yaliyoingia kinywani mwa Mswahili yakatoka yamelainika. Herufi mbili za mwisho za neno la pili Waingereza wenyewe hawazitamki. Mswahili akalipokea kama alivyolisikia, akaliacha liishie kwenye irabu kama desturi ya lugha yake ilivyo. Nairobi wakapata Kariokor yao, na Unguja Mjini nako kuna Kariakoo, ambayo watoto huijua zaidi kwa pembea za sikukuu kuliko kwa habari za vita.

Kabla ya vita vya 1914, serikali ya Kijerumani ilikuwa imekwisha kupima viwanja nyuma ya Mnazi Mmoja, kwa nia ya kuwaweka Waafrika mbali na mtaa wa Wazungu, na jengo la soko lilikuwa limeanza kusimama. Vita vikakatiza mipango hiyo. Mwanzoni mwa Septemba 1916 mji wa Dar es Salaam ukaangukia mikononi mwa Waingereza, na bandari yake ikawa mlango wa kuingizia askari, risasi na chakula. Jengo lile la soko pamoja na uwanja ulioizunguka likageuzwa kambi ya wachukuzi wa jeshi. Mwaka 1923 soko likafunguliwa kwa kazi iliyokusudiwa tangu awali, lakini jina la kambi halikuondoka. Wachukuzi walikwenda zao, wengine makwao, wengine kaburini, na jina lao likabaki pale pale penye matenga ya nyanya na magunia ya mpunga.

Kwa nini vita vya Wazungu vilihitaji mabega ya watu wengi kiasi kile? Sababu ya kwanza ni mdudu. Mbung'o wa mapori ya bara waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi kwa makumi ya maelfu. Barabara za magari zilikuwa chache, na mvua za masika ziligeuza hizo chache kuwa tope. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli, na jemadari wao, von Lettow-Vorbeck, aliwavuta adui zake mbali na reli hiyo, kuelekea Rufiji, Lindi na hatimaye ng'ambo ya Ruvuma, ambako alivuka Novemba 1917. Kila maili moja mbele ilitaka watu zaidi nyuma.

Hesabu yake ni nyepesi, na inatisha. Mzigo wa mpagazi ulikuwa takriban kilo 25. Chukua mtu mmoja aliyebeba unga mtupu, na kila siku akala kilo moja ya unga huo. Siku ya 25 mzigo umekwisha, naye hajampa askari hata kibaba kimoja. Hivyo ili kumlisha askari mmoja aliye mbali, ilibidi pawepo wapagazi wa kumbebea chakula, na wapagazi wengine wa kuwabebea chakula wapagazi hao, na wengine nyuma yao tena. Ndiyo maana idadi ya waliochukuliwa na Waingereza katika vita hivyo, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa, Rhodesia, Kongo na visiwani, hukadiriwa kufika watu milioni moja. Askari walikuwa sehemu ndogo tu ya umati ule.

Waliokufa hawakuuawa kwa risasi kwa wingi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa. Watu waliozoea ndizi tangu kuachishwa ziwa walipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila muda wala kuni za kuupika ukaiva, na matumbo yao yakashindwa. Watu wa nyanda za baridi walipelekwa mabondeni penye mbu. Watu wa pwani walilala kwenye baridi bila blanketi la kutosha. Daftari za serikali ziliandika vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria waliozipitia baadaye wanakadiria kwamba kwa upande wa Waingereza peke yao idadi ya kweli inakaribia 100,000. Wapagazi wa upande wa Wajerumani hawakuwa hata na daftari la kukosewa hesabu. Vijiji vilivyonyang'anywa nafaka, mifugo na vijana na majeshi ya pande zote mbili viliingia katika njaa. Wagogo waliiita yao Mtunya, nayo iliwatafuna tangu 1917 hadi 1920. Katikati ya msiba huo, mwaka 1918, ikashuka homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia nzima.

Hapa mwandishi wa historia hukumbana na swali ambalo si halali kulikwepa. Je, watu hawa waitwe mashujaa? Mwaka 1927, penye makutano ambayo leo ni ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe, Waingereza waliisimamisha sanamu ya askari mwenye bunduki, mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya Wissmann kabla ya kung'olewa. Maandishi yake, ambayo huhusishwa na mshairi Rudyard Kipling, yako kwa lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari, kisha yanawataja wachukuzi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kusema kuwa wote hao walimfia mfalme wao na nchi yao. Lakini mfalme yule hakuwa wao. Wengi wao walikuwa hawajapata kulisikia jina lake kabla ya kukamatwa, kwani katika mwaka 1917 uandikishaji ulikuwa umekwisha kuwa msako: machifu walidaiwa idadi, na idadi ilipatikana kwa kamba. Kumwita mtu aliyeburutwa kuwa ni shujaa kwa sababu aliburutwa ni kumpa sifa mburutaji. Na miguu na mikono, hata ikisifiwa vipi, haina jina. Jina ni la kichwa.

Hilo la jina si la mfano tu. Kila mpagazi alipewa namba na kipande cha chuma cha kuvaa. Kanali Oscar Watkins, aliyekisimamia kikosi hicho, alipigania watu wake wapate chakula kilichopikwa, blanketi na hospitali, na baada ya vita akadai kwamba mishahara ya waliokufa, ambayo warithi wao hawakuwa wameilipwa, itafutiwe wenyewe. Aliposema hayo watawala walikuwa wamekwisha kugeuza shingo. Makaburi ya wachukuzi yaliachwa yarudi kuwa pori, huku ya askari wa Kizungu yakiwekewa mawe yenye majina. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya kosa hilo kukiriwa. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokubali kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, na wengine huenda hawakukumbukwa kabisa; waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Basi kama ushujaa wao hauko pale sanamu inapouonyesha, uko wapi? Lugha yenyewe inatoa fununu. Mtu wa mwambao ana maneno kadha wa kadha kwa mbebaji. Mpagazi ni yule wa safari za bara, anayepagaa, yaani kuweka mzigo begani. Hamali ni wa mjini na bandarini. Neno hili la pili limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio ulioleta pia himila, himili na stahimili. Kwa hiyo yule hamali anayepita na gunia, na yule mtu tunayemsifu kuwa ni mstahimilivu katika misiba, ni ndugu wa tumbo moja katika lugha. Nalo neno letu la Kibantu halikubaki nyuma: kutokana na kuchukua tumepata kuchukuliana, ambalo maana yake si kubebana mizigo bali kuvumiliana, kila mmoja kuubeba udhaifu wa mwenzake. Wahenga waliochonga maneno haya walijua kwamba ustahimilivu si kukaa kimya tu. Ni kazi ya mwili, na aghalabu ni kazi ya watu wawili.

Vitabu vya dini vinalijua jambo hili kwa undani. Katika aya ya mwisho ya Suratul Baqara mna dua ambayo Waislamu wa mwambao huihifadhi tangu chuoni, ya kumwomba Mola asiwatwishe waja wake wasiyoyaweza. Na mzizi wa neno la Kiarabu lililotumika humo ni ule ule wa hamali. Naye mtume Paulo, katika waraka wake kwa Wagalatia, aliwaagiza waumini wabebeane mizigo yao. Dua ya kwanza inamkabili Mungu, agizo la pili linamkabili jirani. Mtu aliyelemewa huyahitaji yote mawili.

Katika habari za vita vile kuna mtu mmoja wa Unguja ambaye maisha yake yalizikutanisha njia hizo mbili. Frank Weston alikuwa askofu wa Kianglikana wa Zanzibar tangu 1908, mtu mkali katika mambo ya kanisa lake, tena mpenda mabishano. Mwaka 1916 serikali ilipotaka wachukuzi kutoka visiwani, alikiunda mwenyewe kikosi cha wachukuzi wa Zanzibar na kukiongoza bara akiwa na cheo cha meja, akitembea kwa miguu pamoja na watu wake. Hapana budi kukumbuka kwamba hata yeye alikuwa akitumikia vita vya dola yake, na nishani aliyotunukiwa baadaye ilikuwa ya dola hiyo. Lakini aliyekwenda na wabebaji hawezi tena kudhani kwamba mzigo wao ni usufi. Mwaka 1920, baada ya serikali ya Kenya kuwaagiza maofisa wake wawasukume Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, Weston aliandika kijitabu cha kuilaani kazi ya kulazimishwa, akiwaita Waafrika hao watumwa wa Uingereza. Imani yake haikuishia kumpa subira, ilimpa ulimi.

Wapagazi wenyewe hawakuandika vijitabu. Lakini walifanya jambo ambalo wapenzi wa ngoma na mashairi wa mwambao wanalifahamu. Vita vilikuwa vimewachanganya watu wa makabila mengi katika kambi moja, na lugha yao ya kuombana maji, chumvi na moto ilikuwa Kiswahili. Pamoja na lugha hiyo ilisafiri ngoma ya beni, iliyokuwa imezaliwa katika mwambao wa Kenya katika miaka ya 1890, ikiwa na tarumbeta zake, magwaride yake na vyeo vyake. Vita vilipokwisha, vyama viwili vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa na matawi Dar es Salaam na katika miji mingi ya bara. Marini walijiona watu wa juu, makarani na waungwana wa pwani. Arinoti walikuwa aghalabu watu wa bara na wafanyakazi wa mikono, yaani wale ambao mji uliwatazama kwa jicho la pembeni.

Mgeni aliyewaona wakipita na mavazi ya kuiga jeshi alicheka, au aliingia hofu. Nyuma ya magwaride kulikuwa na mfuko. Wanachama walichanga, mwenzao alipougua aliuguzwa, alipofariki alinunuliwa sanda, na maiti yake haikuzikwa na manispaa. Tuyapime hayo kwa mizani ya waliotoka vitani. Watu waliowaona wenzao wakianguka njiani na kuachwa, kwa sababu msafara haukuruhusiwa kusimama, walirudi mjini wakaweka sheria yao wenyewe kwamba mtu hataachwa. Waliokuwa wamehesabiwa kwa namba walipeana vyeo, hata vya ufalme. Kuna waliouona mchezo huo kuwa ni kuiga Wazungu. Ukitazamwa kwa makini ni kujirudishia majina.

Moyo huo ulikaa Kariakoo, katika nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati, ambamo Mmanyema, Mzaramo, Mnyamwezi na Mngazija waligawana ua mmoja na kisima kimoja. Makuli wa bandarini, ambao nao waliishi kwa mabega yao, waligoma 1939, wakagoma 1943, na mgomo wao wa Septemba 1947 ukapanda reli hadi miji ya bara na kuwapatia nyongeza ya mishahara. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa katibu wa chama cha makuli baada ya mgomo huo na baadaye msimamizi wa Soko la Kariakoo, alikuwa miongoni mwa walioiasisi TANU Julai 1954, katika jengo la Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba.

Mwaka uliofuata TANU ilipotaka wanawake, iliwapata katika vyama vya ngoma. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mjini humo 1926, alikuwa mwimbaji wa kundi la Bomba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya lelemama na vinginevyo, nyumba kwa nyumba, na kwa miezi michache tu wanawake wapatao 5,000 wakachukua kadi. Walikuwa wauza vitumbua, wapika pombe, wenye nyumba za kupangisha. Walichanga sarafu walizozipata kwa moto wa jikoni, na wengine waliuza vito vyao. Vyama vilivyoanzishwa kwa ajili ya kuchezeana na kuzikana vilikuwa tayari vimewafunza kuaminiana fedha na siri. Bibi Titi mwenyewe alionja upande mchungu wa kustahimili. Alikamatwa 1969 katika kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha 1971, akasamehewa 1972, kisha akaishi miaka mingi bila kutajwa. Alifariki dunia Novemba 2000. Barabara kubwa inayopita kando ya Mnazi Mmoja sasa ina jina lake. Jina hilo moja limepatikana; ya wengi wa wale 5,000 hayamo katika kibao chochote.

Soko la zamani lilibomolewa, na Desemba 1975 likafunguliwa jengo jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo Waafrika katika Afrika Mashariki, lenye paa za mfano wa miavuli kana kwamba wauzaji wamekaa chini ya miti. Julai 2021 moto ukalila, na wengi wakapoteza kwa usiku mmoja mtaji wa umri mzima. Kisha, asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa mtaani humo likaporomoka juu ya maduka yake. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai, na katika saa za mwanzo, kabla mitambo mikubwa haijafanya kazi, waliokuwa wakichimba kwa nyundo na kwa mikono mitupu walikuwamo wafanyabiashara na wapita njia. Walilipitisha zege kipande kwa kipande, mkono kwa mkono, kama msafara wa wapagazi, isipokuwa safari hii hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo historia ya Kariakoo inaifundisha, na haifai kuifunika kwa sifa. Kuna mzigo unaotwishwa kwa kamba, na anayeubeba hadaiwi na mtu yeyote kuwa shujaa. Anadai yeye, kwa waliomtwisha, jina lake na ujira wake. Na kuna mzigo ambao mtu aliyekwisha kulemewa anauinamia kwa hiari yake, wa mgonjwa asiye wake, wa maiti asiye na ndugu, wa sauti inayoita chini ya kifusi. Ushujaa wa watu wa kawaida umo katika mzigo huo wa pili, na ajabu yake ni kwamba aghalabu huubebwa na wale wale waliotwishwa ule wa kwanza.

Washairi wa mwambao wametunga tenzi nyingi za vita, zenye farasi, panga na majemadari. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel 2021, ameirudia zama ile ya askari wa Kijerumani katika riwaya zake, na mojawapo, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, sasa inasomeka kwa Kiswahili. Utenzi wa mpagazi nao unastahili kutungwa, usio na farasi kwa sababu farasi walikufa, na usio na jemadari kwa sababu alikuwa mbali mbele. Beti zake za mwanzo zinaweza kutafutwa kwa wazee wa Gerezani, Kisarawe, Makunduchi na Ugogo, katika majina ya mababu waliokwenda vitani wasirudi, ambayo baadhi ya koo bado huyataja katika hitima na matambiko. Atakayeyakusanya atakuwa amewapunguzia marehemu hao uzito kidogo. Na atakayepita Kariakoo kesho, akamsikia mbebaji akipiga kelele apishwe njia, naampishe.